Rungu la Spika Cannon Lilikwenda kwa Nani?

Vitabu vingi vya historia ya Marekani vinaitaja tarehe 19 Machi 1910 kuwa siku ambayo Baraza la Wawakilishi lilijikomboa. Kwa kura 191 dhidi ya 156, wabunge walimvua Spika wao, Joseph Gurney Cannon wa Illinois, sehemu kubwa ya madaraka aliyoyatumia kuamua nini kijadiliwe, nani azungumze na muswada upi ufe kabla haujaonekana. Waliomshinda hawakuwa wapinzani peke yao. Warepublikani wapatao 40, watu wa chama chake mwenyewe, waliungana na Wademokrati wakamwangusha. Siwalaumu hata kidogo. Walikuwa na sababu za kutosha, na Cannon alijichongea mwenyewe. Lakini naona kwamba habari hii imesimuliwa nusu. Madaraka aliyonyang'anywa Cannon hayakuyeyuka. Yalihamia kwa wanaume wengine ambao raia wa kawaida hakuwajua kwa majina wala hakuwa na njia ya kuwaondoa, na walioumia zaidi kwa uhamisho huo, kwa muda wa nusu karne, walikuwa Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini.

Ili kuliona hilo inafaa kwanza kujua nguvu ya mbunge inakaa wapi. Tukimfikiria mwanasiasa mwenye nguvu bungeni, wengi wetu humfikiria msemaji hodari anayetikisa ukumbi. Wasemaji wa namna hiyo walikuwapo Washington, na majina yao yamebaki, lakini mara nyingi aliyeshika mpini alikuwa mtu mwingine, aliyekaa kimya akiwa na ratiba mkononi. Kila Bunge jipya la miaka 2 hupokea maelfu ya miswada, na iliyo mingi haipigiwi kura hata mara moja. Haikataliwi, inalala kamatini mpaka muda unakwisha. Hata muswada unaoungwa mkono na wabunge walio wengi unaweza kufa hivyo hivyo, bila mtu yeyote kulazimika kusimama mbele ya wapiga kura wake na kueleza kwa nini aliukataa. Katiba ya nchi hiyo haisemi mengi juu ya jambo hili. Inasema tu kwamba Baraza litamchagua Spika wake, na kwamba kila upande wa Bunge utajitungia kanuni zake. Mengine yote yametokana na kanuni, na ndiyo maana ugomvi mkali wa vyama nchini humo umepiganwa juu ya vifungu ambavyo raia wa kawaida hajawahi kuvisoma.

Kiti alichokirithi Cannon kilipewa nguvu na Thomas Brackett Reed wa Maine, pande la mtu, mwenye akili kali na ulimi mkali zaidi. Reed aliposhika uspika mwishoni mwa 1889, chama chake cha Republican kilikuwa na wingi mwembamba sana, na wachache walikuwa na mbinu ya zamani ya kulikwamisha Baraza zima. Wakati wa kuita majina, wabunge wa upinzani walikaa vitini mwao wakanyamaza. Kwa kuwa aliyenyamaza hakuhesabiwa kuwa yupo, akidi haikutimia, na bila akidi hakuna kinachofanyika. Vyama vyote viwili vilikuwa vimeitumia hila hiyo kwa zamu, kila kimoja kikiilaani siku kinapokuwa madarakani. Tarehe 29 Januari 1890 Reed alifanya jambo ambalo hakuna Spika aliyewahi kuthubutu: alimwagiza karani awaandike kuwa wapo wote waliokuwa mbele ya macho yake. Ukumbi ulilipuka. James McCreary wa Kentucky alisimama kupinga haki ya Spika kumhesabu, na Reed akamuuliza kama anakana kwamba yupo. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa, wabunge wakikimbilia milangoni ili wasihesabiwe, lakini Reed hakurudi nyuma. Mwezi uliofuata msimamo wake uliandikwa katika kanuni, na mwaka 1892 Mahakama Kuu ya Marekani ikaukubali.

Reed aliitwa Tsar, jina la watawala wa Urusi, na wapinzani wake walilitumia kwa chuki ya kweli. Hata hivyo alikuwa na hoja ambayo hadi leo sijaona jibu lake kamili. Alisema kwamba chama kilichopewa wingi na wapiga kura lazima kiweze kutenda, ili uchaguzi ukija wapiga kura wajue wamhukumu nani kwa lililofanyika. Kama wachache wanaweza kuzuia kila kitu, hakuna anayewajibika kwa chochote. Na hakuwa na ubinafsi katika hilo. Wademokrati walipochukua Baraza waliifuta kanuni yake. Reed, sasa akiwa kiongozi wa wachache, akawatesa kwa hila ile ile ya kunyamaza mpaka mwaka 1894 wao wenyewe wakairudisha kanuni ya kuhesabu walio ukumbini. Mwaka 1899, akiwa Spika tena, aliacha uspika na ubunge kwa sababu hakukubaliana na chama chake juu ya kutwaa makoloni ng'ambo baada ya vita na Hispania. Mtu aliyeitwa dikteta alishindwa na wenzake katika jambo alilolijali kuliko yote, akaondoka.

Cannon, aliyeshika kiti mwaka 1903, hakuwa Reed. Alikuwa mzee wa Danville mwenye sigara kubwa mdomoni, mcheshi, mwenye urafiki na watu wengi, na mkaidi kupita kiasi. Madaraka ya Spika wakati huo yalikuwa matatu yaliyoshikana. Aliteua wajumbe na wenyeviti wa kamati zote. Aliongoza mwenyewe Kamati ya Kanuni, yenye wajumbe 5 tu, ambayo ndiyo ilipanga muswada gani uingie ukumbini na kwa masharti gani. Na ni yeye aliyechagua amwone nani kati ya wanaosimama kuomba nafasi, kiasi kwamba mbunge mwenye hoja ndogo ya jimbo lake alilazimika kwenda kwanza ofisini kwa Spika kujieleza. Ilisimuliwa kwamba mpiga kura mmoja alipomwandikia mbunge wake kuomba nakala ya kanuni za Baraza, mbunge alimtumia picha ya Cannon. Warepublikani wa majimbo ya Magharibi ya Kati, waliotaka kuyadhibiti makampuni ya reli na kupunguza ushuru wa forodha, walikuta kila njia imefungwa. Walipompinga, mwaka 1909, Cannon aliwavua uenyekiti wa kamati wenzake wa chama kama Henry Allen Cooper wa Wisconsin na Charles Fowler wa New Jersey. Hapo ndipo alipojichongea. Spika wa aina ya Reed anasimama kwa niaba ya wingi wa chama chake. Cannon alianza kuwaadhibu watu ambao bila wao hakuwa na wingi.

Aliyemwangusha ni George Norris wa Nebraska, Mrepublikani mwenzake. Tarehe 17 Machi 1910, kwa kuwa Cannon alikuwa ameamua kwamba muswada wa sensa upewe kipaumbele kwa sababu sensa imetajwa katika Katiba, Norris alitoa mfukoni karatasi aliyokaa nayo kwa muda mrefu. Azimio lake lilihusu kubadili Kamati ya Kanuni. Alidai kwamba kama sensa ina kipaumbele kwa kuwa imo katika Katiba, basi na haki ya Baraza kujitungia kanuni imo katika Katiba hiyo hiyo. Spika alikuwa amenaswa na uamuzi wake mwenyewe. Mjadala ulikesha, maafisa wakitumwa mjini kuwasaka watoro, na kwa siku mbili Cannon alikwepa kutoa uamuzi akisubiri watu wake warudi Washington. Alipoamua hatimaye kwamba azimio haliruhusiwi, Baraza lilitengua uamuzi wake na kulipitisha. Kamati ya Kanuni ikawa na wajumbe 10 wa kuchaguliwa, na Spika akapigwa marufuku kuwamo.

Kilichofuata dakika chache baadaye ndicho kinachonivutia zaidi. Cannon hakujiuzulu. Aliwaambia wabunge kwamba inaonekana hakuna tena wingi wa Warepublikani wenye msimamo mmoja, na kwamba yuko tayari kupokea hoja ya kukitangaza kiti kuwa wazi, ili wingi mpya uchague Spika wake na ubebe mzigo wa kuongoza. Albert Burleson wa Texas aliitoa hoja hiyo. Ilishindwa kwa kura 192 dhidi ya 155, kwa sababu wengi wa walioyakata madaraka ya Cannon hawakutaka kumwondoa Cannon. Walitaka Spika abaki na lawama bila kubaki na uwezo. Naliona jambo hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote ya siku ile. Walikuwa na njia mbili za kumshughulikia mtawala mbaya: kumbadilisha mtu au kukivunja kiti. Walikivunja kiti na kumwacha mtu akiwa amekikalia.

Mwaka uliofuata Wademokrati, waliokuwa wamelichukua Baraza katika uchaguzi wa Novemba 1910, walimwondolea Spika pia haki ya kuteua kamati. Si kweli kwamba machafuko yalianza siku hiyo hiyo. Kwa miaka michache kikao cha chama, kikiongozwa na Oscar Underwood wa Alabama, kilishika hatamu, na katika miaka ya 1920 Spika Nicholas Longworth bado aliweza kuwaadhibu waasi wa Republican waliomuunga mkono Robert La Follette katika kugombea urais mwaka 1924. Ila swali la nani awe mwenyekiti wa kamati lilihitaji jibu ambalo halitaleta ugomvi kila baada ya miaka 2, na jibu lililopatikana lilikuwa ukongwe. Aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye kamati katika chama chenye wingi ndiye anayekuwa mwenyekiti, na hakuna wa kumtoa. Kanuni hiyo ilionekana ya haki kwa kuwa haikumpendelea yeyote. Kumbe ilimpendelea mtu mmoja mahususi: mbunge ambaye jimboni kwake hapana ushindani.

Na majimbo yasiyo na ushindani yalijulikana. Mwaka 1890, mwaka ule ule wa mapambano ya Reed, Mississippi ilitunga katiba mpya iliyowaengua Wamarekani weusi katika daftari la wapiga kura kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, na majimbo mengine ya Kusini yakafuata. Hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu weusi walioandikishwa Mississippi walikuwa chini ya asilimia 7 ya waliostahili. Kusini kukabaki na chama kimoja tu, Democratic, na mbunge aliyepita mara ya kwanza aliweza kurudi mpaka uzee. Basi tangu 1931, chama hicho kilipoanza kuliongoza Baraza karibu bila kukatizwa, wazee wa Kusini ndio waliorithi kamati moja baada ya nyingine. Wizi wa kura wa huko Mississippi na Virginia uligeuka kuwa madaraka juu ya nchi nzima, na kilichougeuza ni kanuni ya ukongwe.

Howard Smith wa Virginia ndiye mfano ulio wazi kupita wote. Aliingia Baraza mwaka 1931 na kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni mwaka 1955. Kamati hiyo haikuwa na siku maalumu za kukutana. Ilikutana mwenyekiti alipoiita. Smith alipotaka kuua muswada hakuhitaji hoja wala kura. Aliondoka mjini. Katika mivutano ya haki za kiraia ya miaka ya 1950 aliwahi kwenda shambani kwake Virginia kwa maelezo kwamba banda lake limeungua, na kazi ya Baraza juu ya jambo hilo ikasimama kumngoja. Alipokuwapo, yeye na William Colmer wa Mississippi waliungana na Warepublikani 4 wa kamati, kura zikawa 6 kwa 6, na sare maana yake muswada hautoki. Hata muswada wa kima cha chini cha mshahara ulikwama katika kamati hiyo hiyo mwaka 1937, kabla Smith hajawa mwenyekiti, mpaka mwaka 1938 wabunge 218 walipotia saini kuutoa kwa nguvu. Saini hizo zilipatikana kwa saa chache tu, ishara kwamba wingi ulikuwapo muda wote. Cannon alizuia sheria akiwa kiongozi wa chama kizima, mbele ya nchi nzima. Smith alizuia sheria za chama chake mwenyewe, akijibu kwa wapiga kura wa wilaya moja ya uchaguzi.

Wako watakaosema kwamba namsafisha Cannon. Hapana. Alizuia mageuzi mengi mema, na maisha ya wafanyakazi wa siku zake yalikuwa magumu zaidi kwa ajili ya ukaidi wake. Ninachosema ni kwamba nchi ilijua nani wa kulaumiwa. Jina lake lilikuwa suala la kampeni kutoka pwani hadi pwani, na miezi 8 baada ya uasi wa Machi 1910 wapiga kura walikinyang'anya chama chake Baraza kililokuwa kimelishika tangu 1895. Miaka 2 baadaye Cannon mwenyewe alishindwa jimboni. Dawa ya Spika mbaya ilikuwapo, nayo ilifanya kazi. Dhidi ya mwenyekiti wa kamati mpiga kura wa Chicago au New York hakuwa na dawa. Kila alipokichagua chama cha Democratic ili apate haki za kiraia, alimpa Smith kiti chake kwa mara nyingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi linahusu Seneti. Huko hakukuwa na Cannon wala Norris, na miswada ya haki ilikufa vilevile. Muswada wa Dyer dhidi ya mauaji ya watu weusi mikononi mwa magenge ulipita Baraza la Wawakilishi Januari 1922, ukafia Seneti, ambako maseneta wa Kusini waliweza kuongea bila kukoma mpaka wenzao wakate tamaa. Sheria ya shirikisho juu ya uhalifu huo ilitiwa saini Machi 2022 tu, miaka 100 baadaye. Hata muswada wa Lodge wa mwaka 1890, wa kulinda kura za watu weusi, Reed aliupitisha kwa kura 155 dhidi ya 149 na Seneti ikauzika. Ni kweli kabisa, na anayedai kwamba Spika mwenye nguvu angeikomboa Kusini peke yake anajidanganya. Chanzo cha dhuluma kilikuwa ubaguzi wenyewe. Lakini itazame mifano hiyo miwili tena: Baraza lenye uongozi imara liliwalazimisha maseneta waue sheria hizo hadharani, kwa majina, nchi ikitazama. James Eastland wa Mississippi, aliyeongoza Kamati ya Sheria ya Seneti kwa zaidi ya miaka 20, alikuwa akijigamba kwao kwamba alishonesha mifuko maalumu ya kubebea miswada ya haki za kiraia isiyotoka. Maneno ya aina hiyo husemwa na mtu ambaye hajawahi kulazimishwa kupiga kura juu ya anachokizuia.

Kuna pia wanaoona kwamba kutawanya madaraka humlinda mnyonge. Kwa nadharia hoja hiyo inapendeza, na kwa mbunge mmoja mmoja ina ukweli. Ila wachache waliolindwa na kamati za ukongwe hawakuwa wachache wa taifa waliodhulumiwa; walikuwa wachache wa bungeni waliokuwa wakidhulumu. Kabla ya kusifu utaratibu wowote wa kuwalinda wachache ni lazima kuuliza ni wachache gani, na wanalindwa wafanye nini.

Kuyarudisha madaraka mahali pa wazi kulichukua muda mrefu na maumivu mengi. Sam Rayburn wa Texas, Spika kwa miaka 17 kwa jumla, aliishi na wenyeviti wa Kusini kwa kubembeleza, mpaka John F. Kennedy aliposhika urais na ikawa dhahiri kwamba Smith angeifungia njia ajenda yote. Tarehe 31 Januari 1961 Rayburn aliomba Kamati ya Kanuni iongezwe kutoka wajumbe 12 hadi 15. Alishinda kwa kura 217 dhidi ya 212, akisaidiwa na Warepublikani 22, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefariki. Bila ushindi ule wa kura 5, safari ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ingekuwa ngumu zaidi; hata ulipofika wakati wake Smith aliukalia muswada huo, akauachia tu wabunge walipokuwa wakikusanya saini za kuupora. Smith alishindwa katika kura za mchujo za chama chake mwaka 1966. Na nani akarithi kiti? Colmer wa Mississippi, kwa ukongwe. Mpaka mwaka 1975 ndipo Wademokrati wa kizazi kipya walipowapigia kura ya kuwaondoa wenyeviti 3 wakongwe na kumpa Spika sauti ya kwanza katika kuwateua wajumbe wa Kamati ya Kanuni. Mmoja wa waliong'olewa, Wright Patman, alikuwa amepigana na mabenki makubwa maisha yake yote. Mageuzi hayo nayo yaliwachoma wema pamoja na wabaya.

Mvutano huo haujaisha. Januari 2023 Kevin McCarthy alihitaji duru 15 za kura ili awe Spika, na miongoni mwa alivyokubali ni kanuni kwamba mbunge mmoja peke yake anaweza kutoa hoja ya kumwondoa. Oktoba 3 mwaka huo, Matt Gaetz wa Florida aliitumia. Warepublikani 8 waliungana na Wademokrati, na McCarthy akawa Spika wa kwanza katika historia ya nchi kuondolewa kwa kura, 216 dhidi ya 210. Baraza likakaa siku 22 bila Spika. Mrithi wake, Mike Johnson, aliukalia muswada wa msaada kwa Ukraine uliopita Seneti Februari 2024, na aliporuhusu muswada mwingine wa msaada huo upigiwe kura Aprili 20 ulipata kura 311 dhidi ya 112. Wingi huo mkubwa haukuzaliwa siku ile. Uliwekwa kusubiri, kwa sehemu kubwa, na kundi dogo lililokuwa limeshika tishio la kumng'oa Spika. Mbunge aliyelitekeleza tishio hilo Mei 8 alishindwa kwa kura 359 dhidi ya 43, Wademokrati wakimwokoa Spika ambaye si wao. Bunge jipya lilipoanza Januari 2025, Warepublikani walibadili kanuni: sasa hoja ya kumwondoa Spika inahitaji wabunge 9, na wote lazima watoke katika chama chenye wingi. Wademokrati, ambao kwa hesabu ya nchi huwakilisha karibu nusu ya wapiga kura, hawawezi tena hata kuianzisha.